Mdogo wangu anataka kuiruti simu yangu, na ndani yake kuna sauti ya mama

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Tanga, nauza vitenge na mitandio sokoni. Wengine wataona jambo langu ni dogo maana ni la simu, lakini limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa, na watu wawili ninaowapenda hawasalimiani vizuri kwa ajili yake.

Simu yangu ni hizi za kawaida, ya GB 32. Niliichukua kwa mkopo, nalipa kidogo kidogo, imebaki miezi minne. Kila siku inaniandikia kwamba nafasi imejaa. Mteja akipiga, inaita wee, ndipo kioo kinionyeshe jina. Ilikuja na programu chungu nzima nisizoziomba: michezo, habari, hata duka la pili la kupakulia programu nyingine, na hazifutiki. Matangazo yanachomoza yenyewe nikiwa katikati ya kuhesabu pesa za watu.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22, ni fundi simu, ana meza yake stendi. Mama alipofariki miaka mitano iliyopita nilimchukua nikaishi naye, nikamlipia ada VETA. Yeye anasema dawa ni kuiruti. Simu yake mwenyewe ameiruti mwaka wa pili sasa, inakimbia, haina tangazo hata moja. Ananiambia, "Dada, niachie siku moja tu, Jumapili, jioni unaichukua utadhani mpya." Nilipomuuliza mbona programu ya benki haifunguki kwenye simu yake, alicheka akasema anatumia menyu ya nyota, haina neno.

Mume wangu hataki kusikia. Kasema huyo kijana ataiua simu, na deni atalilipa yeye. Isitoshe mimi ni mhazini wa kikoba chetu, tuko wanawake 24, na laini ya pesa za kikoba imo humohumo. Mume wangu anasema siku pesa zikipotea hakuna mwanamke hata mmoja atakayeuliza habari za ruti, wataniuliza mimi.

Jambo la mwisho ni la moyoni. Mle ndani kuna meseji za sauti za mama, 41, za WhatsApp. Nilizihamisha kutoka simu yangu ya zamani. Nyingi ni za kawaida tu, ananiuliza nimekula, ananikumbusha dawa za mtoto. Moja ananielekeza kupika bada, anacheka katikati kwa sababu mwanangu alikuwa analia nyuma. Huwa nazisikiliza usiku watu wakishalala. Sijawahi kumsikilizisha mtu.

Nikimkatalia mdogo wangu ataona sina imani na kazi niliyomsomesha mwenyewe. Nikimkubalia nitagombana na mume. Nifanyeje, Anti?

Mhazini, Tanga

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote, ya mama kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona simu. Mara ya pili simu ikapungua, nikaona dada mkubwa aliyesimama mlangoni, mume upande huu, mdogo upande ule, na kila mmoja ana haki yake. Nitaanza na simu, kwa sababu nadhani kuna mambo mawili matatu ambayo hakuna aliyekufafanulia vizuri.

Neno lenyewe kwanza. Android imejengwa juu ya Linux, na kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja anayeitwa root, yaani mzizi. Namba yake ni sifuri, na hakuna anachokatazwa. Simu ikiuzwa, mamlaka hayo hukabidhiwi. Wewe ni kama mpangaji: una chumba chako, na kila programu nayo ina chumba chake, haichungulii cha jirani. Kuruti ni kupata ule ufunguo unaofungua milango yote. Mafundi wa vitasa wanauita ufunguo malaya, nisamehe, neno si langu. Kwa hiyo mdogo wako hadanganyi akisema utakuwa mwenye nyumba, na mume wako naye hadanganyi akisema mwizi akiingia katika nyumba ya namna hiyo hatagonga hodi mlango wowote.

(Umsimulie kijana hili, atacheka: simu ya kwanza ya Android, ile G1 ya mwaka 2008, ilitoka na kasoro kwamba kila ulichoandika kwenye kibodi kilipelekwa kimyakimya kwa huyo mzizi kama amri. Watu walikuwa wanaandika neno "reboot" katikati ya mazungumzo na simu inajizima na kuwaka upya.)

Sasa nikuulize. Shida yako hasa ni ipi, nafasi au wepesi? Nauliza kwa sababu ahadi ya nafasi ndiyo inayonitia shaka. Programu zilizokuja na simu hukaa katika sehemu yao wenyewe, imetengwa na ile ya picha zako na WhatsApp yako. Ukizing'oa, sehemu yako haiongezeki kwa kiasi hicho. Ni kama kuhamisha makochi ya mwenye nyumba kutoka stoo yake: stoo inabaki tupu, chumba chako kiko vilevile. Simu nyingi zilizotoka na Android 10 kuja juu zimefungwa zaidi, hata mwenye ruti hafuti kitu mle kirahisi. Magisk, chombo cha kuruti cha John Wu kilichotoka 2016 ambacho mafundi wengi hukitumia, mara nyingi hakifuti, kinafunika tu kisionekane. Kinachokula chumba chako ni masasisho ya hizo programu na takataka zake, na ukizizima kwenye mipangilio, ukaondoa masasisho, unapata sehemu kubwa ya nafasi ambayo ruti ingekupa.

Ila ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeweka kwenye kundi la kikoba. Wanawake 24, kila mmoja na ua lake la asubuhi njema na video yake ya mahubiri, na simu inapakua zote. Fungua WhatsApp, mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uone nani anakula nini. Zuia video zisijipakue. Ukifuta, futa za kundi, usiguse mazungumzo yenu na mama. Sauti hazili nafasi hata hivyo. Dakika moja ya meseji ya sauti haifiki nusu megabaiti. Mama yako hajaijaza simu yako, mwanangu.

Wepesi na matangazo ni habari nyingine, na hapo mdogo wako ana hoja. Mwenye ruti anaweza kuzuia matangazo simu nzima, kuhifadhi kila programu pamoja na data yake, kuiambia betri isivuke asilimia 80 ili ikae miaka. Hayo yapo kweli. Kijana wa kaka yangu aliniruti tableti ya zamani na ikaendelea kunisomea magazeti miaka mitatu zaidi ya nilivyotegemea. Lakini ile tableti haikuwa na laini, haikuwa na pesa ya mtu, haikuwa na kitu ambacho ningelia kikipotea.

Yako inavyo vyote vitatu. Ngoja nikae hapo kidogo.

Ili kuruti kwa njia ya kawaida, lazima kwanza lifunguliwe kufuli la mwanzo, lile linaloikagua simu kabla haijawaka. Kulifungua kunafuta kila kitu, na si bahati mbaya: limetengenezwa hivyo makusudi, ili mwizi wa simu asiweze kulifungua akasoma mambo yako. Jioni ya ile Jumapili ungepewa simu "utadhani mpya" kwa maana kamili ya neno. Picha, majina, WhatsApp, zile sauti 41, vyote vingekuwa vimekwenda, isipokuwa kilichonakiliwa pembeni.

Na umeandika barua ndefu, umeniambia mume kasema nini na mdogo kasema nini, ila sikuona mahali ulipomwambia mdogo wako kwamba sauti ya mama imo mle. Nitalirudia.

Jambo jingine dogo linaloumiza wengi: akaunti ya Google ya simu hiyo aliifungua nani? Kama ni kijana wa dukani, siku ile uliponunua, akaweka nywila anayoijua yeye, basi simu ikifutwa na kuwaka tena inaweza kuidai nywila hiyo kabla haijakuruhusu kuingia. Ulinzi huo upo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015. Jiulize leo, ukiwa umekaa na chai, kama unaijua. Hata usiporuti kamwe, hili ni la kumaliza wiki hii.

Pesa. Hapa mume na mdogo wanazungumza mambo mawili tofauti wakidhani ni moja. Menyu ya *150*00# na ndugu zake hupita kwenye mtandao wa simu yenyewe, haiulizi kama simu imerutiwa, ndiyo maana kijana anasema haina neno. Programu za benki ndizo zinazouliza. Google inazipa njia ya kupima kama simu iko kama ilivyotoka kiwandani, na isipokuwa hivyo benki inaweza kukataa kufunguka. Wapo wanaojua kuficha ruti, kisha benki inasasisha programu yake, kisha wanaficha upya, paka na panya. Fundi anaufurahia mchezo huo. Mhazini mwenye marejesho ya Ijumaa sidhani.

Lakini kufunguka kwa menyu hakumaanishi kwamba uko salama. Swali ni nani atakuwa anabonyeza "ruhusu" kila programu ikiomba ufunguo ule. Kwenye simu ya mdogo wako anabonyeza yeye, na anajua anachokisoma. Kwenye yako utabonyeza wewe, au mwanao mwenye mchezo wake mpya aliotumiwa na rafiki. Isitoshe simu iliyofunguliwa mara nyingi haipokei tena masasisho ya usalama kama kawaida. Atayaweka yeye kwa mkono, kila yanapotoka, na wewe utasubiri apate nafasi.

Halafu umelitaja jambo moja kama mtu anayepita njia: miezi minne ya deni. Mkataba wako unasemaje? Simu za mkopo aghalabu huja na kufuli la mwenye mali, na mengi ya makufuli hayo yamefungwa kwenye namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, hata ukiifuta simu yanarudi. Mtu akianza kuchezea mfumo, aliyekukopesha anaweza kuona unakimbia deni, hata kama nia yako ilikuwa matangazo tu. Sikuambii kijana wako ana nia hiyo. Nakuambia uonekanaje kutoka ofisini kwao. Kwa maana moja ya kawaida kabisa, simu hiyo bado si yako ya kuvunjia kufuli.

Na kwa kuwa tumeitaja IMEI: bonyeza *#06# uiandike kwenye daftari. Simu nyingi za bei yetu zina chipu za MediaTek, na fundi akiflashi, yaani akiiwekea simu mfumo upya, kwa faili lisilo lake, namba hiyo inaweza kupotea kabisa. Watu wanakumbuka Juni 2016 TCRA ilipozima simu zenye IMEI bandia. Na kuibadili namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa hiyo ikipotea usikubali mtu akubandikie yoyote.

Nikiwa mahali pako, milango ninayoiona iko kadhaa, na hakuna hata mmoja usio na gharama.

Unaweza kumwachia airuti. Basi mkae kwanza umuulize kama fundi, si kama mdogo: ameshairuti simu ya modeli hii hii, au nyingine inayofanana nayo? Anayo faili za kiwandani za toleo hili hasa, ili ikizimika airudishe? Anatumia Magisk, au zile programu za kubonyeza mara moja kutoka tovuti asiyoijua mwenyewe? Ikigeuka tofali, isiwake tena, Jumapili saa kumi, Jumatatu utauza kwa simu gani? Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali haya, yeye ndiye angeyauliza kwanza. Ukiona anayakwepa, umepata jibu. Ukiona anayajibu moja moja, hilo nalo ni jibu, na mume wako anastahili kulisikia.

Unaweza kuahirisha. Baada ya miezi minne deni limekwisha, simu ni yako, na hapo huenda ukapata nyingine, hii ikawa ya kuchezea. Gharama yake ni miezi minne ya kusubiri jina litokee kwenye kioo.

Unaweza kumpa kazi pungufu ya ruti. Kwa waya na kompyuta, bila kufungua kufuli wala kufuta chochote, anaweza kuziondoa nyingi za zile programu kwa upande wa mtumiaji wako. Hiyo pia ina hatari yake, aking'oa ya mfumo simu inaweza kugoma kuwaka, na ya yule aliyekukopesha asiiguse. Kwenye Android 9 kuja juu kuna pia DNS ya faragha (Private DNS) katika mipangilio ya mtandao, pale simu inapoulizia anwani za tovuti. Akiweka anwani ya huduma inayozuia matangazo, mengi yatanyamaza. Mdogo wako anaweza kuona hii ni kazi ya kitoto. Inategemea utakavyomwomba.

Na kikoba ungeweza kukitoa kabisa kwenye mabishano haya. Laini ile ihamie kwenye kitochi kinachokaa kwenye sanduku la kikoba. Menyu ya nyota inafanya kazi mle, chaji inakaa siku nne, na hakuna mchezo wa mtoto. Ila wenzako 23 waambiwe, pesa ni yao pia, na pengine watauliza kwa nini. Je, uko tayari kwa swali hilo?

Sasa nirudi pale niliposema nitarudi.

Unaogopa ukimkatalia ataona humwamini. Huenda. Lakini nimejiuliza kama wewe unamkatalia simu, au unalinda kitu ambacho yeye hajui kipo. Alikuwa na miaka 17 mama alipoondoka. Kijana anayesema "niachie siku moja tu" hajui kwamba anaomba kukaa peke yake siku nzima na sauti ya mama yake, na kuifuta. Akijua, ombi lake linaweza kubadilika lenyewe bila wewe kusema hapana. Linaweza pia kumuumiza, kwamba umekuwa ukizisikiliza miaka mitano naye yuko chumba cha pili. Hilo siwezi kukuahidi halitatokea. Wewe unamjua, mimi nimekutana naye kwenye mistari kumi.

Kwa nini hujamsikilizisha, unajua mwenyewe. Huna haja ya kunieleza. Wapo wanaotunza sauti ya marehemu kama kitenge alichokivaa mwisho, wakikitoa kila mara harufu itaisha. Sauti haiishi namna hiyo, lakini moyo haujui habari za faili.

Ikiwa utaamua kumwambia, kuna kazi moja ya fundi ambayo haihitaji ruti wala kuvunja deni la mtu. Faili hizo kwenye simu nyingi ziko kwenye folda ya Android, ndani yake media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu folda ya Voice Notes, zimepangwa kwa namba za wiki, majina yake yanaishia na herufi opus. Hazisemi ni za nani, kwa hiyo mtu atalazimika kuzifungua moja moja na kusikiliza ndipo ajue ipi ni ya mama na ipi ni ya mteja wa mitandio. Ni kazi ya saa kadhaa. Zinakiliwe mahali pawili, kompyuta yake na memori kadi itakayokaa kabatini kwako, kisha mzicheze huko kuhakikisha zinalia, kabla hamjazungumza jambo jingine lolote kuhusu simu hiyo.

Akikubali, mpe kiti, mpikie. Ikiwezekana, anzeni na ile ya bada.

Anti